Simu na Daftari katika Vita vya Kuwalinda Mama na Binti Zetu

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya Mkutano wa Kuadhimisha Miaka Kumi



Katika ratiba ya leo yamewekwa mengi ya kufurahisha. Mhasibu atasoma hesabu, Bwana Mwenyekiti atasimulia jinsi Chama kilivyoanza, na ngoma zinangoja nje. Sisi wa ofisi ya Katibu tumepewa nusu saa tuzungumze juu ya jambo lisilofurahisha, nalo ni ukatili wanaotendewa wanawake na wasichana, na jinsi vyombo vya siku hizi, yaani simu, ramani za kompyuta na malipo kwa njia ya simu, viwezavyo kuupunguza. Tulipolitaja jambo hili mara ya kwanza katika Kamati, mzee mmoja, mwanachama wa siku nyingi ambaye twamheshimu sana, alituuliza: "Bwana Katibu, mambo ya nyumbani mwangu na mizani ya pamba yana undugu gani?" Swali hilo ni la haki, na tutalijibu kwa kuanzia na mizani yenyewe.

Wazee wamesimuliwa na baba zao, na vijana wamesoma, kwamba miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda hii ya Ziwa walijiunga pamoja mpaka wakaunda Victoria Federation of Co-operative Unions mwaka 1955. Moja ya sababu kubwa zilizowaunganisha ilikuwa mizani ya wanunuzi. Mizani ile ilikuwa chombo cha kisasa kilichotoka ng'ambo. Walakini ilimwibia mkulima, maana aliyeisimamia na kuisoma alikuwa mnunuzi peke yake. Wakulima hawakusema mizani itupwe ziwani. Walitaka mtu wao asimame kando yake, mtu ajuaye kusoma namba, aandike katika daftari lao wenyewe. Tangu hapo mizani ile ile iliyowaibia ikaanza kuwatetea.

Twaomba mkumbuke mizani hiyo kila tutakapotaja simu. Wako watu wanaodhani kwamba kukiwa na simu katika kila nyumba, basi ukatili utakwisha wenyewe. Sisi hatudhani hivyo. Simu ni mizani isiyo na mtu kando yake mpaka pale tutakapomweka.

Sasa tuseme ukubwa wa jambo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba katika kila wanawake 3 duniani, karibu 1 amewahi kupigwa au kulazimishwa na mume au mpenzi wake, au kulazimishwa kimwili na mtu mwingine. Kwetu Tanzania, uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba wanawake 40 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kupigwa tangu walipotimiza miaka 15. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha 27. Hesabu imeshuka, nasi twashukuru. Lakini hebu tazameni ukumbi huu, mhesabu akina mama walioketi safu moja tu, kisha mfanye hesabu wenyewe.

Tena wapo wasemao kwamba mume kumpiga mkewe ni desturi na sheria haiingii humo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema wazi, katika kifungu cha 66, kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Sheria hiyo ni ya zamani kuliko wengi wetu tuliomo humu. Katika kifungu cha 56 yasema tena kwamba mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanamume ya kupata mali, kuimiliki na kuitoa. Kifungu hicho tutakirudia, kwani ndicho kinachogusa daftari la pamba.

Basi simu yasaidia nini? Yasaidia kwanza kwa sababu ya saa. Mwanamke au msichana aliyebakwa anaweza kupewa dawa za kuzuia asiambukizwe Virusi vya UKIMWI, lakini sharti aanze kuzitumia kabla ya saa 72 kupita, na kila saa inayotangulia ni afadhali kuliko ifuatayo. Saa 72 ni siku 3. Mjini ni muda mrefu. Katika vijiji vyetu, ambako zahanati iko mbali, mto umejaa, na familia imekaa kikao siku mbili kujadili kama ni aibu au si aibu, siku 3 hupita kama moshi. Mara nyingi mtu hufika hospitali siku ya tano, naye mganga hana la kumpa katika hilo. Simu moja iliyopigwa usiku ule ule yaweza kumtoa bodaboda kijiji cha pili na kumfikisha mgonjwa alfajiri.

Na hapo afaa kujua mambo madogo ambayo hakuna aliyetufundisha shuleni. Mtu aliyetendewa ukatili wa namna hiyo asioge kabla ya kuonwa na mganga, japo moyo wake wataka kuoga kuliko kitu chochote. Nguo alizovaa zisifuliwe. Zitiwe katika mfuko wa karatasi, wala si wa nailoni, kwa maana nailoni hutia unyevu na kuharibu ushahidi. Katika hospitali kadhaa kuna Vituo vya Mkono kwa Mkono, ambamo mganga, polisi na Afisa Ustawi wa Jamii hukutana na mgonjwa mahali pamoja, ili asisimulie msiba wake mara nne kwa watu wanne. Katika vituo vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa mtoto, namba ni 116, nayo hailipiwi. Mtoto mwenyewe aweza kuipiga, au jirani, au mwalimu. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Wanachama wenye ndugu ng'ambo ya mpaka, Kenya, wajue kwamba huko namba ya ukatili wa kijinsia ni 1195.

Twapenda sasa kueleza habari ya majirani zetu wa Wilaya ya Serengeti, Mkoa wa Mara, maana ni mfano ulio karibu nasi kuliko yote, na wengi humu hawajausikia.

Sheria ya mwaka 1998 iliharimisha kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na ikaweka kifungo kisichopungua miaka 5 wala kuzidi 15, au faini, au vyote viwili. Walakini desturi haikufa siku ile. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 1996 wanawake 18 katika kila 100 walikuwa wamekeketwa; mwaka 2015–16 walikuwa 10; mwaka 2022 walikuwa 8. Huo ni wastani wa nchi nzima. Katika Mkoa wa Mara hesabu ya mwaka 2015–16 ilikuwa 32. Msimu wake huwa mwishoni mwa mwaka, shule zikiwa zimefungwa, na binti aliyekwisha kukeketwa huhesabiwa kuwa tayari kuolewa, ng'ombe wa mahari wakawa njiani. Wako wasichana waliokataa, wakatoroka usiku kwa miguu.

Mama Rhobi Samwelly, ambaye ameeleza hadharani kwamba yeye mwenyewe alikeketwa alipokuwa binti mdogo na nusura afe kwa kutokwa damu, amekuwa akiwapokea wasichana hao katika nyumba salama ya Mugumu, na baadaye akaanzisha shirika liitwalo Hope for Girls and Women. Shida yao kubwa ilikuwa ipi? Mtu akipiga simu usiku, akisema, "Binti fulani amejificha katika kitongoji fulani, njooni," gari la nyumba salama pamoja na polisi hawakujua kitongoji hicho kiko wapi. Katika ramani sehemu kubwa ya vijiji ilikuwa tupu, kana kwamba hakuna anayeishi huko. Dereva huuliza njia. Akiuliza njia saa nane za usiku, habari hutangulia mbele ya gari, na mafundi wa kukeketa wakahama.

Mwaka 2015 ilianza kazi iitwayo Crowd2Map Tanzania. Maelfu ya watu wa kujitolea, wengi wao hawajapata kukanyaga Tanzania, hukaa nyumbani kwao mbele ya kompyuta, wakatazama picha zilizopigwa kutoka angani na kuchora kila njia na kila paa wanaloliona, katika ramani ya bure iitwayo OpenStreetMap. Lakini picha ya angani haijui jina la kitongoji. Yaona paa la bati, haijui kwamba hapo ni kwa nani wala mtaa huo waitwaje. Majina yalitiwa na wenyeji, wakitembea na simu mkononi, wakiandika: hapa ni kisima, hapa ni zahanati, hapa ni kitongoji hiki. Ramani hiyo huwekwa katika simu na kusomwa hata pasipo mtandao. Tena shirika limewafundisha wawakilishi wa vijijini kutumia simu kuandika taarifa za ukatili katika fomu ambayo hujihifadhi yenyewe, ikapelekwa pale mtandao unapopatikana.

Tazameni jinsi kazi ilivyogawanywa. Mtu wa mbali alichora njia, mwenyeji akatia jina, mwanakijiji akapiga simu, dereva akaenda. Mmoja wao akikosekana, ramani ni pambo tu. Nasi twaona kwamba aliyefanya kazi ngumu kuliko wote ni yule mwanakijiji, kwa maana yeye hubaki pale pale kesho yake, akikutana kisimani na watu aliowaripoti.

Wazo la kutia taarifa za watu katika ramani lilipata jina lake katika lugha yetu. Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, Wakenya walitengeneza programu waliyoiita Ushahidi, ili mwananchi apeleke habari za fujo kwa ujumbe wa simu, nazo zionekane katika ramani. Mwishoni mwa mwaka 2010 wanawake wa Cairo, nchini Misri, waliitumia programu hiyo hiyo kuonyesha mahali wanapoguswaguswa na kutukanwa barabarani. Kazi yao ikaitwa HarassMap. Mwaka 2014 serikali ya Misri ilitunga sheria iliyolitaja kosa hilo kwa jina lake. Hatusemi ramani peke yake ndiyo iliyoleta sheria; lakini ni vigumu kusema jambo halipo hali limechorwa barabara kwa barabara.

Sasa turudi kwetu, kwenye swali la mzee wetu juu ya undugu wa nyumba na mizani.

Katika chama kimoja cha msingi, ambacho hatutakitaja, mama mmoja alileta pamba ya shamba alilolima mwenyewe, tangu kung'oa visiki hata kuchuma. Ilipimwa kwa mizani iliyo sahihi kabisa, na karani akaandika kilo zilizo sahihi kabisa, mbele ya jina la mumewe, kwa kuwa ndilo lililokuwa katika daftari. Malipo yakaenda kwenye laini ya mume. Mama aliporudi nyumbani na kuuliza pesa za ada ya mtoto, alijibiwa kwa fimbo. Mtu atiaye mchanga au maji katika pamba twamwita mwizi, na twamtoza. Je, jina likikosewa katika daftari, tumwite nani? Kilo zilikuwa za kweli, jina halikuwa la kweli, na mwenye mali akapigwa.

Ndiyo maana twasema kwamba chombo kikubwa cha Chama hiki katika vita hivi ni daftari la wanachama, kisha simu. Mwanamke alimaye shamba lake awe mwanachama kwa jina lake, awe na namba yake ya uanachama, na malipo yaende kwenye laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA na alama ya kidole chake. Tumepitia madaftari, na tumeona kwamba wengi wa akina mama wana simu mkononi lakini laini imesajiliwa kwa jina la mume au kaka. Mwenye laini kisheria ni yule mwenye kidole, si yule mwenye simu. Namba ya siri nayo mtu asimpe mwingine, hata karani wetu. Karani akiiomba, mleteni kwetu.

Hatutawadanganya kwamba malipo ya namna hii huleta amani mara moja. Yamkini yataleta ugomvi. Mwanamume aliyezoea kupokea pesa zote ataona amevuliwa heshima, na siku ya kwanza mkewe atakapopata ujumbe wa malipo yaweza kuwa siku mbaya kuliko zote. Kwa sababu hiyo hatupendi mabadiliko haya yafanywe kwa siri, au kwa kutumiwa ujumbe wa simu tu. Yafanywe kabla ya msimu, mchana, katika mkutano wa chama cha msingi, mume na mke wakiwa wote wameketi, na wazee wakiwapo. Mzee akisema neno moja mbele ya watu, "Pamba ya huyu ni yake," lina nguvu kuliko barua kumi za ofisi hii.

Tena simu ina upande wake wa pili, na upande huo umewaumiza wengi. Kuna waume wanaopekua simu za wake zao kila jioni, wakiangalia nani amepigiwa. Mama aliye katika hatari asitumie simu hiyo. Atumie ya jirani, au ya ofisi, na asihifadhi namba ya Dawati kwa jina la Dawati. Kuna vijana wanaopiga picha za wasichana na kuwatisha kwamba watazitawanya. Na kuna sisi watu wema, tunaopokea picha ya mama aliyepigwa, amevimba uso, tukaisambaza katika makundi ya WhatsApp eti kwa kumhurumia! Huruma gani hiyo? Siku ya pili watoto wake wameiona shuleni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeyakataza mambo ya picha chafu na ya kumtesa mtu kwa ujumbe wa mtandao, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yatubana hata sisi tuliokabidhiwa majina na namba za wanachama. Kwa hiyo katika vyama vyetu jina la mtu aliyetendewa ukatili lisiandikwe katika kundi lolote la simu. Wajue watu wawili, basi.

Watu hao wawili ndio kiini cha azimio tunaloleta. Twaomba kila chama cha msingi kichague mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, watu wasio na domo, wakafundishwe na Dawati la Jinsia na Watoto pamoja na Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya. Kazi yao si kuhukumu, wala si kusuluhisha. Mambo ya kubakwa na kukeketwa hayasuluhishwi kwa mbuzi. Kazi yao ni kupokea habari, kupiga simu, na kuhakikisha mtu amefika. Ofisi ya kila chama iwe na simu moja ndogo, ile iitwayo kitochi, ambayo chaji yake hukaa siku kadhaa, nayo iwe na vocha wakati wote. Hatutaki simu kubwa ya kugusa kioo. Ikivunjika mwezi wa pili kazi itasimama. Ramani twaweza kuzipata katika simu za maafisa ugani, ambao huzunguka mashambani na wanajua majina ya vitongoji kuliko mtu yeyote. Tumekwisha kuwaomba waanze kuyaandika.

Iko gharama moja ambayo hakuna mfadhili aliyeifikiria, nayo ni nauli ya bodaboda usiku. Dereva hawezi kuendesha kwa imani. Twapendekeza itengwe akiba ndogo katika kila chama, kutoka katika fungu la elimu ya ushirika, ilipwe siku ile ile bila kungoja kikao cha Kamati. Mhasibu wetu ameguna aliposikia maneno "bila kungoja kikao," na twamwelewa, maana kazi yake ni kuguna. Tumekubaliana naye kwamba hati ya malipo itaandikwa "nauli ya dharura" pamoja na tarehe na umbali, pasipo jina la abiria, na kwamba atakagua umbali.

Yapo mawili ambayo Kamati haikukubaliana, nayo ni haki ya Mkutano kuyajua kabla ya kura. La kwanza, kama mwanachama aliyehukumiwa na mahakama kwa kosa la ukatili wa namna hii aendelee kushika uongozi katika chama cha msingi. Wengine walisema adhabu ya mahakama yatosha. Sisi twaona kwamba mtu aliyeiba kilo 50 za pamba hatumpi funguo za ghala, hata akiwa amekwisha kutumikia kifungo chake. La pili, kama akina mama waandikishwe kwa kiingilio kamili au kwa nusu mwaka wa kwanza. Hilo tumewaachia ninyi.

Azimio limechapwa, nakala ziko mezani kwa Karani wa Mkutano karibu na mlango, na wasiosoma watasomewa. Majina ya watu wawili wa kila chama yapelekwe ofisini kabla ya mizani kufunguliwa msimu huu. Dakika zetu zimekwisha, Bwana Mwenyekiti. Akina mama watatu wameomba kusema kabla ya kura, nao wameketi hapa mstari wa mbele. Twawapisha.